Kiraka cha Kijani kwenye Hariri ya Bibi

Sisi tuliokulia Kirua Vunjo miaka ile kahawa ilipoanza kukosa bei na mitumba ikaanza kupata heshima, tunajuana tu. Ukikutana na mwenzako mjini, hata kama siku hizi ana kitambi na gari, mguse kidogo na habari za sweta la shule lililofumuliwa likafumwa upya kwa mdogo wake, utaona uso unavyolainika. Tulikula ndizi asubuhi, ndizi mchana, na usiku tukala mtori, ambao ni ndizi zilizoamua kujificha. Tulikwenda shule na kuni begani na fagio kwapani, miguu imetota umande, na aliyechelewa alimkuta mwalimu wa zamu amesimama njiani na fimbo ya mbuni. Ukichapwa shuleni hukuthubutu kusema nyumbani, kwa sababu nyumbani waliamini mwalimu hakumaliza kazi.

Wengi wetu tulilelewa na bibi na babu. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, na kila Mchagga aliona imefunguliwa kwa ajili yake binafsi. Mama yangu alikuwa mjini, soko la Pasua, akiuza nguo za mitumba. Baba alikuwa njia ya Holili, mpakani, akivusha vitu ambavyo nilikatazwa kuvitaja. Mwalimu akiuliza kazi ya mzazi, jibu langu lilikuwa "mkulima". Darasa zima tulikuwa watoto wa wakulima, na wakulima wenyewe hatukuwaona shambani mpaka Krismasi.

Basi mimi nilikuwa mtoto wa Bibi Filomena. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye sauti iliyofika kanisani kabla yake. Mikono yake ilikuwa imara ajabu. Alichambua kahawa tangu usichana, vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yameingia ukungu, na yeye hakukubali kwamba kuna ukungu. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya koti la Babu lililoanikwa kwenye kamba, mikono kiunoni, akilisema kwamba vijana wa siku hizi wanakuja kwenye mji wa watu wanasimama tu, hawaamkii. Nilipomwambia ni koti, akasema anajua ni koti, alikuwa anafanya mazoezi.

Jirani yetu alikuwa Bibi Makrina. Kihamba chake na chetu, yaani mashamba ya nyumbani, vilitenganishwa na ua wa masale. Kwa asiyeyajua, masale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani, na jani lake lina kazi nyingine kubwa. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona hilo fundo anajua umekuja kuomba msamaha, na hawezi kukataa. Anaweza kununa, anaweza kudai mbege, pombe yetu ya ndizi, anaweza kukuhubiria mpaka jua lizame, lakini kukataa hawezi.

Bibi na Makrina walikuwa marafiki tangu walipopata kipaimara pamoja, na kwa miaka kadhaa sasa walikuwa hawasemeshani. Chanzo kilikuwa mbege. Kwenye harusi ya shangazi yangu, Makrina alipokea kata, akaonja, akaiangalia ndani, halafu akauliza kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Filomena, hii ni mbege au ni togwa?" Watu wakacheka. Kumwambia mama wa Kichagga kwamba mbege yake ni togwa, kinywaji cha watoto, ni sawa na kumwambia padre kwamba misa yake ilikuwa mazoezi. Bibi akajibu papo hapo, "Kama ni togwa, mbona mume wako anakuja kuinywa kwangu kila jioni badala ya kunywa ya kwako?" Watu wakacheka zaidi, na hapo ndipo urafiki ulipokatika. Kila mmoja aliona yeye ndiye aliyetukanwa, kwa hiyo kila mmoja akakaa kusubiri jani. Hata mume wa Makrina alipofariki, Bibi alipika ndizi za msiba sufuria kubwa kabisa, akaenda nazo, akakaa upande ule mwingine wa uwanja akalia peke yake.

Si kwamba hawakuwasiliana. Walitumia mifugo. Bibi alisimama karibu na ua, akamwambia ng'ombe wetu, "We ng'ombe, kama una rafiki huko ng'ambo mwambie kuku wake wamefukua maharage yangu." Baada ya muda kidogo tulimsikia Makrina akimjibu mbuzi wake, "We mbuzi, maharage yenyewe yalipandwa na mtu asiyeona, yako juu ya ardhi." Mimi na mjukuu wa Makrina, Aikande, niliyekuwa naye darasa moja, tulikaa chini ya ua kila mtu upande wake, tukipitishiana maparachichi kwenye tundu na kusikiliza ng'ombe na mbuzi wakigombezwa. Hatukuruhusiwa kutembeleana. Tundu halikutajwa kwenye katazo, kwa hiyo tulilitumia.

Mwaka nilipofika miaka kumi ikaja habari kwamba mtoto wa Makrina aliyeko Dar es Salaam amejenga, na Krismasi ikipita atamchukua mama yake na Aikande wakaishi huko moja kwa moja. Bibi alipoambiwa alisema, "Aende. Atapata joto." Kisha akaingia jikoni. Mtori wa usiku huo haukuwa na chumvi wala nyama, na nyama ilibaki kwenye bakuli pembeni, ameisahau. Nilimsikia akimuuliza ng'ombe, polepole kabisa, kama Dar kuna masale. Hapo nilielewa kwamba Bibi anaumia na hatasema. Mimi nilikuwa nampoteza Aikande, na nililia waziwazi, kwa sababu mtoto anaruhusiwa. Bibi alinikaripia ninyamaze, akanifuta kamasi kwa kanga yake, akaendelea kukaripia kwa muda mrefu kuliko kosa lenyewe.

Ndipo Sista Benigna akatuletea hariri.

Sista alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mchangamfu, amerudi kutoka masomoni Ulaya. Wenzake walirudi na vitabu, yeye akarudi na robota la hariri nyeupe, chupa za rangi na wazo. Wazo lilikuwa kwamba kwa kuwa parokia imejaa bibi, babu na wajukuu, na waliopo katikati wote wako kwenye biashara, basi wazee na watoto wajifunze pamoja kuchora kwenye hariri. Kila bibi au babu na mjukuu wake watengeneze skafu moja. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi kutakuwa na maonyesho ukumbini.

Siku ya kwanza wazee walikuja na majembe. Tangazo la kanisani lilisema "kazi ya mikono", na kwetu kazi ya mikono ni moja tu. Sista akayakusanya majembe yote pembeni, akawapa hariri waishike. Ukumbi ukatulia. Hawa walikuwa watu waliovaa kanga, vitenge na masweta mazito maisha yao yote, na sasa walikuwa wameshika kitu kisicho na uzito kabisa. Mzee mmoja akauliza inatoka kwenye mnyama gani. Sista akasema inatoka kwa mdudu. Mzee akairudisha mezani taratibu, akajifuta mikono.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaitandaza hariri kwenye fremu ya mbao, unaibana kwa pini mpaka inanyooka kama ngozi ya ngoma. Halafu unachora mistari kwa gundi nyembamba inayotoka kwenye kichupa chenye mdomo wa sindano. Gundi ikikauka, unagusa rangi katikati kwa brashi, na rangi inakimbia yenyewe mpaka inafika kwenye mstari na kusimama. Mstari ukiwa na upenyo hata wa unywele, rangi inavuka inaingia kwa jirani. Bibi alipoeleweshwa hayo alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kumbe ni masale," akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo." Kuanzia hapo ukumbi mzima uliita ile gundi masale, na Sista naye akaanza kuiita hivyo hivyo bila kujua anasema nini.

Tatizo lilikuwa kwamba Bibi alikuwa na mikono na hakuwa na macho, na mimi nilikuwa na macho na mikono yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi, yenye kutetemeka na asali ya jana. Tukagawana. Yeye alishika kichupa, mimi nikawa dereva. "Kulia, Bibi. Kulia kidogo. Nyooka. Shuka." Na ule mkono ukapita juu ya hariri kwa utulivu ambao sijauona tena kwa mtu mwingine, mstari mmoja usiokatika. Alinuka moshi na kahawa, na shavu lake lilikuwa karibu na langu. Nilikuwa nimemwona akipika, akilima, akigomba, lakini sikuwahi kumwona akitengeneza kitu kizuri kisichoweza kuliwa. Nilimpenda sana siku zile, na nilijua kwamba nampenda, jambo ambalo watoto huwa hawana nafasi ya kulifikiri.

Kulikuwa na mambo ya chumvi pia. Sista alitufundisha kwamba ukinyunyiza chumvi juu ya rangi ikiwa bado mbichi, chumvi inavuta rangi na kuacha alama kama nyota. Wazee wakatazamana. Hawa walikuwa wamepanga foleni za sabuni na sukari miaka michache tu nyuma, na sasa mtu aliyesoma anawaambia wamwage chumvi kwenye kitambaa. Bibi alinyunyiza kama anayetoa sadaka. Rangi ilipokauka akaikusanya punje kwa punje, akaifunga kwenye pindo la kanga, na tulipofika nyumbani akampa ng'ombe. Asubuhi ng'ombe wetu alikuwa na midomo ya bluu na ulimi wa zambarau.

Habari zilisambaa. Watu walikuja kutazama, wakasimama mbali. Bwana mifugo aliitwa, akaja na mabuti na uso wa maafa, akauliza kama kuna ng'ombe mwingine kijijini aliyebadilika rangi. Kabla Bibi hajajibu, sauti ikatoka ng'ambo ya ua. "We mbuzi, umesikia? Ng'ombe wa huko amepaka rangi ya mdomo. Nadhani Krismasi hii anakwenda disko." Bwana mifugo akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi akageuka haraka akaingia jikoni. Nilimfuata nikidhani amekasirika, nikamkuta ameinama juu ya mafiga, kanga mdomoni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Aliponiona akasema moshi umemwingia. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Sasa nieleze jinsi kiraka kilivyotokea, maana wengine wanasema lilikuwa jambo la Mungu, na mimi nilikuwepo.

Sista alisema kila mtu achore kitu cha nyumbani kwake. Bibi alitaka kahawa, lakini punje za kahawa ni maduara mengi madogo, na kila duara lilihitaji maneno mengi ya udereva. Nikapendekeza jani la isale, kwa sababu ni refu na limenyooka na linakwisha upesi. Bibi akakubali. Tukachora jani moja kubwa kutoka pembe hadi pembe, ndani kijani, nje bluu ya mlima asubuhi. Tulikuwa tumefika karibu na ncha nilipoinua macho kumtazama Aikande. Alikuwa meza ya mbali, pamoja na bibi yake, wanachora jogoo aliyefanana na kiatu, na alikuwa ananikonyeza. Nami nikakonyeza. Mkono wa Bibi uliendelea kusubiri amri, kichupa kikakauka mdomoni, na mstari ukabaki na upenyo. Tulipotia rangi, kijani kikavuka mpaka kikaingia kwenye bluu na kufanya doa la ukubwa wa yai.

Sista alikuwa ametufundisha kwamba rangi ikitoroka usilie, iwekee nyumba huko ilikofika. Nikachukua brashi. Bibi alikuwa amegeuka kumsimulia mtu habari za bwana mifugo. Lile doa nikaliona linaweza kuwa mkunjo wa jani, kama jani limejipinda likapita chini yake lenyewe na kutokea upande wa pili. Nikachora hivyo, nikatia kijani cheusi kwenye kivuli, na nikajiona fundi. Bibi akageuka akauliza, "Limekaaje?" Nikamjibu, "Limekaa vizuri." Hakika lilikaa vizuri. Lilikaa vizuri sana, fundo kamili, lililokazwa, hata mtu anayeomba msamaha wa kuua asingefunga zuri zaidi. Habari za jani la fundo nilizijua, kama nilivyojua kwamba Kwaresima hatuli nyama. Lakini kwangu mimi hilo halikuwa fundo, lilikuwa kiraka.

Mwisho wa kazi ni kuvukiza. Unakunja hariri ndani ya magazeti, unafunga kamba, unaiweka juu ya maji yanayochemka ndani ya sufuria ili mvuke ushike rangi isitoke tena. Kila nyumba ilipewa kuvukiza ya kwake. Bibi alitumia sufuria ya ndizi, akafunika kwa majani ya mgomba, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Babu akarudi kutoka kilabuni. Babu alikuwa mtu wa maneno machache, mpenzi wa magazeti na nyama, na siku hiyo alidhani sufuria imemwekea vyote viwili, nyama ndani ya gazeti. Nilimkuta ameshaufungua mzigo mezani, skafu ameiweka begani isimsumbue, anasoma gazeti lenye mvuke, ukurasa wa michezo.

Nikamwambia ni kazi ya Sista. Akaishusha skafu begani ili airudishe, na macho ya Babu yalikuwa mazima. Akaitandaza gotini. Akaangalia lile jani kwa muda mrefu. Akaniangalia mimi. Akachungulia nje, ambako Bibi alikuwa anakuja na mzigo wa majani kichwani huku akimtuma ng'ombe salamu kali za ng'ambo. Halafu akaikunja skafu kwenye gazeti kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo, akafunga kamba, akairudisha kwenye sufuria. "Kazi nzuri," akasema.

Jumapili ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa wameshapanda kutoka mjini na Dar kwa ajili ya Krismasi, wamevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. Mama yangu alikuwepo, na mtoto wa Makrina alikuwepo na gari lake nje limezungukwa na watoto. Skafu zilining'inizwa kwenye kamba, kahawa nyekundu, mgomba, mlima, jogoo-kiatu, na upepo wa mlangoni ukazichezesha. Bibi aliuliza kila aliyepita kama ameiona ya kwetu, na kila mzee aliyeiona aliiangalia tena, halafu akajibu, "Tumeiona, Filomena," kwa sauti ya chini. Bibi aliona ni heshima kwa kazi nzuri.

Ndipo Sista Benigna akapanda jukwaani. Akasema kama tujuavyo Bibi Makrina anatuaga, na parokia imeona impe zawadi, skafu iliyopendeza kuliko zote. Akaishusha yetu kwenye kamba. Akasema ni haki wamkabidhi walioitengeneza. Kumbuka Sista alikuwa mtu wa Songea. Yeye aliona jani la kijani lenye mkunjo mzuri.

Bibi akasema, "Mtoto apeleke." Sista akacheka, akasema kazi ni ya wawili. Kukataa mbele ya padre na wageni kusingewezekana. Bibi akaishika pembe mbili za skafu, mimi nikashika mbili, tukatembea katikati ya ukumbi tumeitandaza. Alikuwa amenyanyua kidevu, ameangalia dirishani, amekunja uso kama anayepeleka mbwa kuchanjwa. Na kadiri tulivyopita, kelele zikawa zinazimika benchi kwa benchi. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha mwingine. Nikaangalia chini kwenye skafu, nikaona walichokuwa wanakiona.

Tulifika mbele ya Makrina. Alisimama. Aliitazama hariri, akamtazama Bibi usoni, akaitazama tena hariri. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno ya haraka, na nilisubiri neno. Alinyoosha mikono yote miwili akaipokea, akaikumbatia kifuani. "Aika, Filomena," akashukuru kwa Kichagga. "Nimepokea. Imekwisha."

Sista akapiga makofi kwa furaha. Alipiga peke yake.

"Imekwisha nini?" Bibi akaninong'oneza. Babu aliyekaa benchi la nyuma yetu akainama mbele, akasema kwa upole karibu na sikio lake, "Umempa isale lenye fundo."

Sisi tuliomjua tulishika roho mkononi. Bibi Filomena hakuwa mtu wa kuacha kosa bila kulisahihisha. Alikuwa na uwezo wa kusema pale pale, mbele ya padre, kwamba hakuomba msamaha wowote, kwamba ni mtoto amechora ujinga, kwamba yeye ndiye anayedai jani. Maneno yalikuwa yameshafika, mdomo ulikuwa wazi, niliyaona meno. Makrina alikuwa amesimama ameshika hariri kifuani, anasubiri, na nyuma yake mtoto wake ameshika funguo za gari. Bibi akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Mbege ile," akasema, "ilikuwa bado siku moja."

"Nilijua," akasema Makrina. "Na yule marehemu kweli alikuwa anapenda ya kwako."

Wakashikana mikono, halafu mabega, na wakaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, wakisemana kwa Kichagga cha ndani ambacho sisi watoto hatukukifikia. Watu wakapiga makofi mpaka Sista naye akaanza kulia, bila kujua kwa nini. Njiani kurudi Bibi alinishika sikio. "Umeniombea msamaha bila kuniuliza," akasema. Alilishika sikio hilo mpaka nyumbani, lakini hakulipinda.

Zile siku zilizobaki Makrina alishinda kwetu. Walipika mbege pamoja na kubishana kila hatua. Mimi na Aikande tuliacha tundu, tukapita njiani kama watu. Mwaka mpya ulipoanza gari likaja kuwachukua. Bibi alisimama barabarani akapunga mkono, na akaendelea kupunga wakati gari limeshapotea, kwa sababu hakuliona linapotea. Sikumwambia. Nilisimama naye nikapunga mpaka alipochoka.

Nilikutana na Makrina tena nikiwa mtu mzima, nyumbani kwa mtoto wake Dar, Bibi akiwa ameshatutoka. Nikamsimulia kwamba lile fundo lilikuwa kosa langu, kiraka tu, Bibi hakulijua. Nilidhani nampa habari. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Manka, mimi nimekua na Filomena," akasema. "Yule hajaomba msamaha tangu abatizwe. Nilipouona ule uso ameugeuzia dirishani, nilijua hajui amebeba nini. Nikasema moyoni, Makrina, lidake upesi kabla hajaambiwa."

Nikamuuliza, ikiwa alitaka hivyo, kwa nini yeye mwenyewe hakumpelekea Bibi jani, na ua mzima ulikuwa masale.

"Nilikuwa nalichuma," akasema. "Asubuhi nyingi tu. Nalifunga, nafika mpakani, namsikia anamtuma ng'ombe kunitukana. Nacheka. Nikicheka nasahau kuomba msamaha, narudi nalo ndani, nampa mbuzi."

Nilimsimulia binti yangu hadithi hii, yeye ambaye video ikichelewa kufunguka anaona ameonewa. Aliniuliza kwa nini wale bibi hawakublokiana tu. Mimi mwenyewe na dada yangu wa Arusha hatuzungumzi tangu msiba wa mwaka juzi, kwa jambo ambalo nikikusimulia utanicheka. Kila mmoja ana simu nzuri, kila mmoja anamwona mwenzake yuko hewani, na hatuna hata ng'ombe wa kumtuma. Binti yangu anachora pia, tena anachora vizuri, kwa kidole juu ya kioo. Nimekaa naye jioni nyingi nikitazama. Akikosea anabonyeza mahali, kosa linafutika lote, na hakuna linalobaki la kumsaidia mtu.